Jero ya tuisheni tulikua tunalipia nini hasa?

Nianze na hesabu ya mfukoni. Mwaka 2020 mwanangu wa kwanza alikua darasa la tatu, shule ya serikali huku Temeke, Dar, Kayumba kama mnavyopenda kuziita, na kila asubuhi alikua anatoka na jero mbili, yaani mia tano mbili, moja ya kula moja ya tuisheni. Ile ya kula najua ilikoishia, mihogo ya kukaanga na ubuyu na zile barafu za nailoni. Ile ya pili miaka yote nilikua naamini inanunua hesabu na Kingereza. Corona ilivyoingia ndo nikajua nilichokua nanunua ni mtu mzima wa kukaa na mwanangu kuanzia saa nane mpaka saa kumi, basi, hayo ya kujumlisha na kutoa yalikua nyongeza tu kama kachumbari anayokutilia muuza chipsi bila kumuomba.

Kwa asiyejua maisha ya huku, siku ya mtoto wa uswazi ilikua imepangwa hivi: shule asubuhi, anarudi anakula kiporo alichoachiwa kwenye hotpoti, saa nane tuisheni, saa kumi chuoni kwa ustadhi kusoma Kurani, akitoka huko Magharibi imeshaadhiniwa na mama yuko kwenye daladala anakaribia. Watoto wa Kikristo pale kwetu badala ya chuo walikua na kwaya siku mbili tatu, siku zilizobaki wapo uwanjani wanapiga chandimu au wamejichimbia kibanda umiza kuangalia video. Mi nafanya kazi stoo ya vifaa vya umeme Kariakoo, tunafunga saa kumi na moja na nusu, kufika nyumbani saa moja usiku ni bahati. Kwahiyo kati ya kengele ya shule na mimi kuingia mlangoni kuna masaa sita hivi, na hayo masaa sita yalikua yameshonwa viraka na ticha, ustadhi, mama wa genge na dada mkubwa wa jirani, kila mmoja ana kipande chake, na hakuna hata mmoja aliyeitwa mlezi.

Machi 16, 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza mgonjwa wa kwanza. Kesho yake, Jumanne, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza shule zifungwe kuanzia awali mpaka kidato cha sita, siku 30, vyuo vikuu vikafuata. Zile siku 30 zikaongezwa, na watoto wa msingi walikuja kurudi darasani Juni 29. Ukihesabu kwenye kalenda ni siku 104.

Sasa hapa ndo watu wanaposahau jinsi Dar ilivyokua tofauti. Nairobi walikua na kafyu, Kampala walifungiwa ndani kabisa, Ulaya mzazi kaambiwa fanyia kazi nyumbani. Sisi hatukufungiwa. Rais Magufuli alisema watu wachape kazi, masoko wazi, makanisa na misikiti wazi, Kariakoo ile ile ya kukanyagana. Kikubwa kilichofungwa ni shule. Yaani mtoto karudishwa nyumbani na nyumbani hakuna mtu, mana mama yuko Kariakoo, baba yuko site. Na ikaja ile level siti ya daladala, abiria wote wakae, nzuri kwa afya sikatai, ila matokeo yake kituoni unasimama lisaa gari zinapita zimejaa, mi niliyekua nafika saa moja nikawa nafika saa mbili na nusu. Wakati watu wa kukaa na mtoto wametoweka, masaa ya kukaliwa yakaongezeka. Sijawahi kusikia mtu akizitaja hizo amri mbili kwa pamoja lakini kwenye nyumba yetu zilikutana kila siku jioni.

Linganisha na Japani. Shinzo Abe aliomba shule zifungwe kuanzia Machi 2, 2020, tangazo lilitoka Februari 27 watu wakapagawa vile vile. Ila wao wana kitu kinaitwa gakudo, vilabu vya watoto wa msingi baada ya masomo ambao wazazi wao wako kazini. Shule zikafungwa, gakudo zikaambiwa zifungue toka asubuhi. Ukiitazama kwa jicho la ugonjwa haiingii akilini, unamtoa mtoto kwenye darasa kubwa unamuweka kwenye chumba kidogo zaidi, na wafanyakazi wa kule walilalamika kweli. Ila angalia kilichotokea: serikali ilijua kuna mahali panaitwa hivyo, pana wafanyakazi, pana mlango, na ikapiga simu pale. Australia nao kuanzia Aprili 6 mpaka Julai 12 mwaka huo malezi ya watoto yakawa bure kwa wazazi, pamoja na yale ya kabla na baada ya shule. Dar nani angempigia simu ticha wetu? Kwenye makaratasi ya serikali ticha hayupo, na akiwepo yupo kama tatizo.

Ticha alikua na banda la mabati nyuma ya msikiti, watoto arobaini na kitu kwenye mabenchi, ubao mmoja. Mwenyekiti wa mtaa akapita akasema mikusanyiko ya watoto basi, banda likafungwa na mnyororo. Wiki mbili ticha hana kitu, halafu akaanza kuzunguka majumbani. Anachukua watoto wanne watano wa nyumba moja, anakaa nao uani masaa mawili, anahamia nyumba ya pili. Bei ikapanda kutoka jero mpaka buku jero kwa siku kwa kichwa, na hapo huwezi kumlaumu, zamani alikua anakusanya kwa watoto arobaini kwa mpigo. Wenye mshahara wakalipa. Mama wa vitumbua na baba fundi wakashindwa, na watoto wao wakawa wanachungulia kwenye upenyo wa geti la bati.

Kilichonifungua macho ni maswali tuliyokua tunamuuliza. Hakuna mama aliyemuuliza leo umefundisha nini. Swali lilikua "Ticha, utakaa nao mpaka saa ngapi?" Siku moja nimewahi kurudi nikamkuta hana hata chaki, anacheza drafti na watoto kwa vizibo vya soda, nikamsalimia nikapita zangu ndani kuvua viatu nina amani moyoni. Na masomo wala hayakukosekana, Taasisi ya Elimu ilikua inarusha vipindi kwenye tv na redio. Tulikua na somo bure hewani na bado tukawa tunamlipa ticha mara tatu ya bei. Sasa kama kipindi kipo kwenye tv na bado unamlipa mtu buku jero aje acheze drafti, hiyo hela inalipia nini?

Nyumba yetu ina wapangaji sita, uani mmoja, choo kimoja, koki moja. Wale tusioweza kumlipa ticha kila siku (na mimi kuanzia mwezi wa nne nikawemo mana stoo walitukata mshahara) tukakaa kikao usiku tukakubaliana watoto wote wawe chini ya mama wa vitumbua, ambaye anamaliza biashara yake saa nne asubuhi. Hela ya kumlipa hakuna. Tukamlipa kwa mchezo: kwenye upatu wetu yeye alikua namba tano, tukamsogeza namba moja, akapokea mkupuo mapema akanunulia unga na mafuta kwa jumla. Mi naona huo ndo ubunifu mkubwa kuliko yote niliyoyaona kipindi kile na hakuna mtaalamu aliyekuja kutufundisha. Tukafunga ndoo yenye koki mlangoni pa uani, sabuni ya mche imekatwa vipande imetiwa kwenye soksi imening'inizwa, mtoto haingii bila kunawa. Watoto ni wa nyumba yetu na nyumba mbili za pembeni, kumi na mmoja, wengine hapana. Hatukujua kwamba Uingereza kiangazi kile kile vilabu vya watoto vilikua vimeambiwa kundi lisizidi watoto 15 na wasichanganywe ovyo. Sisi tulifika hapo kwa sababu ya ukubwa wa uani tu.

Ila sasa niseme na ubaya wetu, mana makala za corona watu wanajipamba sana na ujirani mwema. Nyumba ya tatu kulikua na mtoto ambaye baba yake ni dereva wa daladala. Mkewe alisafiri kwao kuuguza, baba akaja kuomba mtoto aingie kwenye kundi. Tukamkatalia. Tulisema kwa upole, tukazunguka zunguka, ila sababu ilikua moja tu, baba anakutana na watu mia kwa siku atatuletea ugonjwa, na mi nilikua wa kwanza kuunga mkono. Mimi ninayeshinda Kariakoo! Yule mtoto akawa anashinda kwenye gari na baba yake, amekaa juu ya boneti pale karibu na dereva, route nzima kutwa nzima.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Uingereza shule zilipofungwa mwezi Machi, watoto walioruhusiwa kuendelea kwenda ni pamoja na wa wale ambao kazi zao haziwezi kusimama: manesi, madereva, wauza vyakula. Mtoto wa dereva alikua wa kwanza kupewa nafasi. Huku kwetu, kwa vile malezi ni hisani ya jirani, mtoto wa dereva akawa wa kwanza kunyimwa. Jirani ana haki ya kuogopa, uani ni wake na bibi yake yupo ndani anakohoa. Hisani inafanya kazi vizuri sana mpaka siku watu wakiogopa, na siku wakiogopa anaachwa yule yule ambaye jiji zima linategemea aamke saa kumi alfajiri kuwasha gari.

Wenye uwezo wao walikua na kisa chao, nakipita haraka. Kule Sinza na Mikocheni watoto wa shule za kulipia waliletewa kazi kwenye WhatsApp, wazazi wengine wako ofisini, kwahiyo aliyekua anapokea ni dada wa kazi. Binti aliyeishia la saba anaambiwa apige picha daftari la sayansi kwa Kingereza atume kabla ya saa tisa, huku anafua, huku wali uko jikoni. Kima cha chini cha mshahara wa dada anayelala kwa bosi wake, kwa amri ya mwaka 2013 iliyokua inatumika kipindi hicho, kilikua 40,000 kwa mwezi, na sijaona bosi aliyemuongezea dada kwa vile amegeuka mwalimu. Ugomvi wa mtandaoni wote ulikua kuhusu ada, turudishiwe au tusirudishiwe.

Wengine tulisafirisha watoto. Ubungo stendi mwishoni mwa Machi ilikua kama Desemba, watoto na mabegi wanapelekwa kwa bibi Tanga, Lindi, Singida. Tukisema ukweli tulichukua mtu tunayehofia kaushika ugonjwa tukampeleka kwa mtu ambaye ukimpata utamuua, mana hatukua na pengine. Binamu yangu mmoja mtoto wake alirudi Agosti, wiki kadhaa za shule zimepita.

Halafu kuna yule binti wa chumba cha mwisho, alikua darasa la saba. Tuliposema watoto wako chini ya mama wa vitumbua, ukweli ni kwamba mama wa vitumbua alikua ana mtoto mchanga na mchana analala kidogo kwa vile ameamka saa tisa usiku kuumua unga. Aliyebeba kundi mchana ni yule binti. Uji yeye, kunawisha yeye, kuamua ugomvi wa rede yeye, kumkimbilia yule mdogo anayependa kwenda barabarani yeye. Kipindi cha darasa la saba kwenye tv kikianza (tv ilikua moja, sebuleni kwa mwenye nyumba, na luku ikiwepo) yeye yuko kwenye sufuria. Mtihani wa la saba ukasogezwa mpaka Oktoba mwaka huo, ikasemwa wanafunzi wamefidiwa muda. Wa kwake nani alimfidia? Upatu tulimsogezea mama wa vitumbua, yeye tulimnunulia kitenge siku ya Idi na tukaona tumefanya jambo la maana sana.

Mi nikisikia mtu anasema Afrika tuna malezi ya jamii, mtoto ni wa wote, namkumbuka yule binti. Jamii ilikua na miaka 13 na kanga moja.

Shule zikafunguliwa Juni 29 na mambo yakarudi kama maji yanavyorudi kwenye mtaro. Ticha akakata mnyororo wa banda, bei ikashuka kwenye jero. Ustadhi ambaye alikua amegawa watoto zamu mbili, kila mmoja na mkeka wake, akawarudisha wote pamoja. Ndoo yenye koki mwenye nyumba akaihamishia kuoshea vyombo. Kundi letu la uani lilikufa wiki ile ile bila hata kikao cha kuagana. Mama wa vitumbua akarudi namba tano mzunguko uliofuata. Hakuna aliyekuja kuuliza watoto wa mtaa ule walikaa na nani siku 104, wala sisi wenyewe hatukuulizana.

Najua hoja ya upande wa pili na ina nguvu. Tuisheni inapigwa vita kwa sababu ya msingi, kuna walimu wanafundisha nusu darasani ili nusu nyingine wauze jioni, na mtoto asiyelipa anasemwa mbele za wenzake. Hilo baya, lipigwe vita. Kuna wanaosema pia watoto wanachoshwa, waachiwe wacheze. Mi nakubali wacheze, ila wacheze chini ya macho ya nani? Anayesema mtoto akitoka shule apumzike nyumbani anaongea kama mtu ambaye nyumbani kwake kuna mtu. Kila ikitoka amri ya kuzuia tuisheni, afisa elimu anahesabu amefuta masomo haramu, huku mtaani kuna kina mama wanapigiana simu nani atakaa na watoto kesho.

Na tatizo la jina ndo hilo. Likiitwa masomo ni kesi ya afisa elimu, ambaye anataka lisiwepo. Lingeitwa malezi lingekua la ustawi wa jamii, ambao wanasajili vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, wale ambao hawajaanza shule. Desemba 2021 serikali ilizindua ile programu kubwa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kitu kizuri, inamuangalia mtoto toka sifuri mpaka miaka minane. Mwanangu siku shule zinafungwa alikua na tisa. Akitimiza tisa mtoto wa Dar anaruka kutoka kwenye orodha ya wanaolelewa anaingia kwenye orodha ya wanaolea wenzao.

Mi sina makubwa ninayoyataka. Shule ya mwanangu ina madarasa kumi na nne, zamu ya mwisho ikitoka yanabaki matupu mpaka kesho, mlinzi yupo, choo kipo, ukuta upo. Vyumba viwili vibaki wazi mpaka saa moja. Hiyo hela ya tuisheni wazazi tunailipa kila siku na tumeilipa miaka yote, ielekezwe pale, awekwe mtu anayejulikana, aliyesajiliwa, ambaye kazi yake ni kukaa na watoto, wakitaka drafti wacheze drafti, wakitaka kufanya homuweki wafanye, na likija janga jingine serikali iwe na pa kupiga simu. Mtaniambia nani atalipa madawati yakivunjika. Sawa, tujadili madawati, angalau tutakua tunajadili kitu chenyewe.

Mdogo wake naye saivi yuko shule ile ile, ticha ni yule yule, mabati mapya. Mwezi uliopita alituita wazazi jioni akatuambia bei inapanda kutoka jero kwenda buku, na sababu akaitoa waziwazi, kuanzia sasa hafungi saa kumi, atakaa na watoto mpaka saa moja usiku. Tulikua kina mama kama ishirini tumesimama nje ya banda. Wa kwanza akafungua pochi pale pale akalipia wiki nzima, wengine tukafuata, na silabasi hakuna aliyeiuliza.